Sarafu Isiyo na Sanadi

Katika nyumba nyingi za watu wa pwani, zikiwemo za jamaa zetu waliohamia Kitengela na Kajiado mjini, hapakosi kikopo cha sarafu kuukuu kilichoachwa na bibi. Watoto huzichezea, na mwishowe sonara huzipima na kuziyeyusha. Kabla hayajafika huko, ni vyema mama wa nyumba ajue alichonacho.

Lugha yetu yenyewe imehifadhi sarafu za kale. Neno dinari asili yake ni denarius ya Warumi. Fulusi latokana na follis, sarafu ya shaba ya dola ya Rum, ambayo wanahistoria huiita Bizanti. Waislamu wa mwanzo walitumia dhahabu ya Rum yenye sura ya kaisari, hadi mwaka 77 Hijria, Khalifa Abdulmalik bin Marwan alipotoa dinari yenye maandishi matupu. Hapo ndipo utambuzi unapoanzia: je, pana sura au maandishi? Ya Kilatini, ya Kiyunani au ya Kiarabu?

Lakini maandishi pekee hayatoshi. Kama vile wanavyuoni wanavyouliza sanadi ya hadithi, mtaalamu wa sarafu huuliza: imetoka wapi, na nani aliipokea kwa nani?

Tazama mifano miwili. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, Mwingereza aitwaye Haywood alileta sarafu kutoka Bur Gao, kusini mwa Somalia ya leo. Zilikuwemo za Warumi, na pamoja nazo za Mamaluki na Waturuki, zilizotengenezwa karne nyingi baadaye. Mahali zilipokuwa hapakuandikwa kwa uangalifu, na hadi leo wataalamu wanabishana iwapo zathibitisha biashara ya Warumi katika pwani yetu. Ushahidi umepotea, ingawa sarafu zipo.

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wachimbuaji walikuta hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa pwani. Hazikuwa na tarehe, lakini zilikuwa pamoja na dinari za dhahabu kutoka nchi za mbali. Kwa kuwa kila kitu kiliandikwa kilipokutwa, dinari zile zilizishuhudia zile za fedha, ikajulikana kuwa katika karne ya 11 Waislamu wa pwani hii walikuwa wakipiga sarafu zao wenyewe.

Wakazi wa Kajiado wana mfano wa hekima hiyo karibu nao. Huko Olorgesailie, kwenye njia ya Magadi, shoka nyingi za mawe za watu wa kale zimeachwa pale pale zilipoonekana, ili mahali pake pazisemee.

Basi tufanyeje na kikopo cha bibi? Usizisugue sarafu kwa ndimu wala majivu, kwani maandishi hufutika. Weka kila moja katika bahasha yake, uandike aliyeiacha, mji ilikotoka, na lini. Reale yenye sura ya malkia na mwaka 1780 isikudanganye: iliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo kwa vizazi vingi. Pesa ya shaba yenye mizani huenda ikawa ya Sayyid Barghash wa Unguja, mwaka 1299 Hijria, au ya Mombasa, mwaka 1888.

Iliyochimbuliwa ardhini ina hukumu nyingine. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 yamtaka aliyeiona aiarifu Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, akieleza mahali hasa.

Na wazee wangali hai, waulizeni leo. Mirathi ikishagawanywa, kila mrithi atachukua sarafu yake. Lakini habari yake isipoandikwa, hakuna atakayeirithi.