Je, Wajua? Siasa hupimwa bila kusoma muswada

Je, wajua kuwa msimamo wa mwanasiasa unaweza kupimwa bila kusikiliza hata hotuba yake moja? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Keith Poole na Howard Rosenthal wa Marekani walibuni NOMINATE, mbinu ya kitakwimu inayotazama kura za bungeni tu. Wanaopiga kura pamoja mara kwa mara huwekwa karibu; wanaopingana, mbalimbali. Kompyuta haijui kama muswada ulihusu kodi au vita! Kura ambazo karibu wote walikubaliana hutupwa, maana hazimtenganishi yeyote na mwenzake. Kipimo huanzia takriban -1, mrengo wa kushoto, hadi +1, wa kulia, na kimewapanga wabunge na maseneta wa huko tangu 1789.