Pishi, Gorogoro na Fitri ya Homa Bay

Mwezi wa Idi uliniandamia Homa Bay, kwa dada yangu aliyeolewa huko. Ndipo nilipojua kwamba sijui kupima.

Kwetu pwani jambo hili halikuwa na ubishi. Fitri ni pishi moja kwa kila kichwa. Pishi ni visaga viwili, au vibaba vinne. Marehemu bibi yetu alikuwa na kibaba chake cha mti, na mizani hakuijua. Wenye kuijua waliihesabu pishi kuwa ratili sita, yaani kama kilo 2.7.

Nyanza hakuna pishi. Kuanzia soko la Migori hadi ufukoni Homa Bay, kipimo ni gorogoro, lile kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili. Mahindi, maharage, wimbi, hata omena hupimwa humo, na muuzaji muungwana hutia kilima juu. Basi kila mtu husema gorogoro ni kilo mbili. Jamani, hizo ni kilo mbili za mafuta!

Shemeji yangu alikuwa amekwisha nunua mchele Migori, gorogoro sita kwa vichwa sita.

"Shemeji, gorogoro ndiyo pishi?" nikamwuliza.

"Karibu sawa, shemeji. Watu wote hapa hutoa hivyo."

Sikuridhika. Nikachukua kopo zima la dada yangu, tukaenda dukani kwa jirani mwenye mizani. Mchele wa kufuta juu ulikuwa kilo 1.8, wa kilima, 2.2. Mahindi ya kufuta, 1.65. Unga wa mahindi ulifika 1.2 kwa taabu, na omena kavu haikutimiza hata kilo. Kopo ni lile lile! Unga una hewa ndani yake, omena hulaliana ovyo, mchele hujipanga.

Kisha tukapima ule mchele wa Migori. Kilo 11 tu! Shemeji akaapa kwamba alitiliwa kilima mbele ya macho yake. Huenda. Lakini sokoni nimeona makopo yaliyobonyezwa kitako: kilima juu, shimo chini.

Asili ya fitri ni pishi ya Mtume (S.A.W.), nayo ni kipimo cha ujazo. Wanazuoni wa Kishafi wamesema uzani ni makadirio tu, kwa kuwa nafaka hazilingani uzito. Imepokewa kwamba Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alikuwa akisema pishi ni ratili nane za Baghdad. Alipofika Madina, wenyeji wakamletea pishi walizorithi kwa wazee wao. Akazipima, akakuta ratili tano na theluthi. Akaiacha kauli yake ya kwanza. Mwanachuoni mkubwa kama yule, akakubali kusahihishwa na vyombo vya jikoni!

Leo wengi hukadiria kilo mbili na nusu hadi tatu. Kwa vichwa sita hata kilo 15 hatukuwa nazo, na fitri haingoji: yatakiwa iwafikie wenyewe kabla ya sala ya Idi. Shemeji alinuna kidogo, kisha akamwambia jirani aongeze kilo saba, zitimie 18.

Tulitoka usiku ule ule na mifuko. Mzee wa kwanza tuliyembishia hodi aliupokea wake, akaunyanyua kwa mkono mmoja, akatutazama.

"Hii yapita gorogoro," akasema.