Laptopu mpya, "nishakuwekea kila kitu"? Ngoja kwanza!

Haya wenzangu wa biashara za mtandaoni, lililonikuta lisiwakute.

Nilinunua laptopu duka moja hapa Mjini. Kijana wa duka, mkarimu kwelikweli, kaniambia: "Usihangaike dada, nishakuwekea kila kitu, Word, Excel, wewe fungua tu." Nikashukuru, nikaondoka zangu. Miezi miwili hivi naandika humo oda za madera na udi, namba za wateja, nani anadaiwa. Siku tatu kabla ya Sikukuu, simu zinalia, Excel ikagoma. Faili linafunguka, nasoma, kuandika siwezi. Usajili umekwisha.

Kumbe alipoiwasha mara ya kwanza aliingiza barua pepe yake. Usajili wa Microsoft 365 unafuata akaunti, haufuati mashine. Na hilo lilikuwa dogo. Windows 11 ukiiandaa kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi inapeleka nakala za nyaraka na picha kwenye OneDrive ya akaunti ile ile. Yaani daftari langu la wateja lilikuwa kwake! Sidhani kama hata alijua.

Kwa hiyo ukienda Darajani au popote, muuzaji akuwashie uone kioo na kibodi, lakini aishie pale mashine inapouliza nchi. Kuendelea ni kazi yako, kwa barua pepe ya biashara yako (si ya mdogo wako, jamani). Kuna mashine zinakuja na Office iliyokwisha lipiwa. Ikishachukuliwa na akaunti ya mtu, haihamishiki tena. Nyingine zina majaribio ya mwezi mmoja: ukiweka kadi, pesa itakatwa yenyewe majaribio yakiisha, mpaka uzime kujirudia. Ya kuzuia virusi wala usilipie kwa haraka, Windows inayo Defender bure.

Ushanunua? Ingia mipangilio, sehemu ya akaunti, tazama barua pepe ya nani. Kama si yako, hamishia mafaili kwenye flashi, hakikisha yanafunguka kwenye mashine nyingine, ndiyo urudishe laptopu ilivyotoka kiwandani. Excel ya kwenye intaneti ni bure, oda hazitasimama.

Mimi nilirudi dukani. Kijana akafungua OneDrive yake mbele yangu, tukafuta mafaili yangu yote, na kwenye kapu la taka pia, maana humo yanaweza kukaa siku 30.