Kazi ya data katika kampuni za dawa: mfano wa kujiandaa uko Beni
Vijana wanaoomba kazi ya kuchambua data katika kampuni za dawa hujifunza R, Python na SAS. Lakini kwenye mahojiano huulizwa pia: namba hizi zinamaanisha nini kwa mgonjwa?

Mfano mzuri uko Kivu Kaskazini. Kuanzia Novemba 2018, utafiti wa PALM ulijaribu dawa nne za Ebola huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa waligawanywa kwa kura, ili dawa moja isipewe wenye nafuu peke yao. Waliopewa mAb114, karibu asilimia 35 walifariki ndani ya siku 28. Waliopewa ZMapp, karibu nusu.

Agosti 2019 majaribio yalisimamishwa, kwani kuendelea kungewanyima wengine dawa bora. Anayeeleza hayo kwa maneno mepesi amejiandaa.