HIJA YA NAMUGONGO: IMANI ILIYOTUNZWA BILA PADRE

Kila mwaka, mwezi wa Mei unapokwisha, barabara ziendazo Namugongo, karibu na mji wa Kampala katika Uganda, hujaa watu waendao kwa miguu. Wengine ni wa Uganda yenyewe, wengine wametoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Wako waliotembea siku tatu, na wako waliotembea majuma mawili na zaidi, rozari mkononi na mzigo kichwani. Wanakwenda kuwaheshimu Mashahidi wa Uganda, ambao sikukuu yao ni tarehe 3 Juni.

Wasomaji wetu wamesikia habari za mashahidi hao tangu utotoni. Majina yao tumewapa watoto wetu na makanisa yetu: Karoli Lwanga, Kizito, Matia Mulumba, Andrea Kaggwa. Lakini tukiulizwa, "Watu hawa walifundishwa dini na nani?" wengi tutajibu upesi, "Na mapadre." Jibu hilo ni kweli nusu tu. Kwa muda wa karibu miaka mitatu hapakuwa na padre hata mmoja katika Buganda, na katika miaka hiyo ndipo imani ilipoota mizizi.

Jambo hili lawahusu sana Wakristu wa vigangoni, ambao humwona padre mara moja kwa mwezi, na pengine mara chache kuliko hapo. Basi twende pamoja kuhiji, tukipita mahali pamoja baada ya pengine, ili tuone wenzetu wale walifanyaje.

KIGUNGU: MTUMBWI ULIOTOKA KUSINI

Tuanze Kigungu, karibu na Entebbe, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria. Hapo, tarehe 17 Februari 1879, uliwasili mtumbwi uliowachukua Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi waliwaita Mapadre Weupe. Msafara wao ulitoka pwani mwaka 1878, ukapita Tabora, ukafika Kageye, kusini mwa ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wenzao watatu walibaki Kageye kungoja habari, nao wawili wakatangulia kwa mtumbwi. Waganda walimwita Padre Lourdel "Mapera", kwa maana ndivyo walivyolisikia neno la Kifaransa la kumwita padre.

Wakatekumeni wanne wa kwanza walibatizwa Jumamosi Kuu, tarehe 27 Machi 1880. Askofu Mkuu Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, hakutaka watu wabatizwe haraka haraka. Aliagiza wafundishwe muda wa miaka minne. Watu wengine walinung'unika kwamba muda huo ni mrefu mno. Tutaona punde kama ulikuwa mrefu bure.

Mwezi wa Novemba 1882 mapadre walilazimika kuondoka Buganda, kwa kuwa maisha yao na ya watoto waliowalea hayakuwa salama tena. Walivuka ziwa kurudi kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi, karibu na Mwanza. Nyuma yao waliacha Wakristu wachache na wakatekumeni. Hapakuwa na Misa wala kitubio, wala mtu wa kujibu maswali magumu ya dini. Mtu angeweza kudhani kwamba kazi yote imekwisha.

Haikwisha. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi mwenye cheo katika ikulu ya Kabaka, aliwafundisha vijana waliokuwa chini yake. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliwakusanya watu nyumbani kwake. Tauni ilipoingia nchini, aliwaendea wagonjwa akawahudumia, na waliokuwa kufani akawabatiza. Huko Mityana walikuwako Matia Mulumba Kalemba, Luka Baanabakintu na Nowa Mawaggali. Mapadre waliporudi mwezi wa Julai 1885, Kabaka Mutesa alikuwa amekwisha kufa, na Mwanga anatawala. Wakakuta kundi halikutawanyika, tena limeongezeka.

NAKIVUBO: MTU WA KWANZA KUFA

Mwanga alikuwa kijana, na washauri wake walimtia hofu juu ya wageni na dini yao. Mwezi wa Oktoba 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa huko Busoga kwa amri yake. Yosefu Mukasa alimwambia Kabaka waziwazi kwamba amefanya vibaya. Zaidi ya hayo, aliwakinga vijana wa ikulu wasitumiwe kwa mambo machafu ambayo Kabaka aliyataka kwao, yaliyo kinyume cha amri ya Mungu.

Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu aliuawa huko Nakivubo, mahali ambapo leo ni katikati ya mji wa Kampala. Kabla ya kufa alituma neno kwa Kabaka kwamba anamsamehe, ila atubu. Siku ileile Karoli Lwanga, aliyekuwa bado mkatekumeni, alikwenda kwa mapadre akabatizwa. Tangu hapo yeye akawa mlinzi wa vijana wa ikulu.

MUNYONYO: UBATIZO WA USIKU

Kutoka hapo tunakwenda Munyonyo, kando ya ziwa, kusini mwa Kampala. Mwezi wa Mei 1886 Kabaka alikuwa huko. Jioni moja alimkuta Dionisi Ssebuggwawo, kijana wa miaka ipatayo kumi na sita, aliyekuwa akimfundisha dini kijana mwenzake, Mwafu, mtoto wa Katikiro. Kabaka alishikwa na hasira, akamchoma Dionisi kwa mkuki. Tarehe 26 Mei Dionisi aliuawa kabisa, na siku hiyohiyo Andrea Kaggwa naye akauawa hapo Munyonyo.

Usiku wa kuamkia siku hiyo vijana walijua wazi kwamba wataitwa na kuulizwa. Wanne kati yao walikuwa hawajabatizwa: Kizito, mwenye umri wa miaka kumi na minne hivi, pamoja na Mbaga Tuzinde, Gyaviira na Mugagga. Padre hakuweza kufika. Karoli Lwanga, aliyekuwa mwenyewe amebatizwa miezi sita tu iliyopita, alichukua maji akawabatiza. Kulipokucha waliitwa mbele ya Kabaka, wakaulizwa ni nani wanaosali. Wakasimama.

Ndugu msomaji, ukifika Munyonyo, tulia kidogo ukafikiri. Je, mtu wa nyumbani kwako akiwa kufani usiku na padre yu mbali, wewe wajua kubatiza? Wajua maneno yake? Kanisa lamruhusu kila mtu kubatiza katika shida ya namna hiyo, mradi amwagie maji kichwani, atamke maneno kama Kanisa litamkavyo, na akusudie kufanya lile Kanisa lifanyalo.

KAMPALA NA MITYANA: BABA NA MFINYANZI

Wengi hudhani kwamba mashahidi wote walikuwa vijana wa ikulu. Sivyo. Matia Mulumba Kalemba alikuwa mtu mzima mwenye mji wake, msaidizi wa chifu wa Ssingo. Aliitafuta kweli kwa bidii: kwanza alijiunga na Waislamu, kisha Waprotestanti, mwisho akaja kwa mapadre. Alipobatizwa mwaka 1882 aliwaacha wake wengine akabaki na mmoja, Kikuwamazi. Watumwa wake aliwapa uhuru, wala hakuona haya kufanya kazi za mikono ambazo watu wa cheo chake waliwaachia watumwa. Kutoka Mityana hadi kwa mapadre ni mwendo wa kilomita zipatazo 70, naye aliutembea kwa miguu ili kusikiliza mafundisho. Kurudi kwake aliwafundisha wengine. Kundi la Mityana likafika watu wapatao 200.

Matia alikatwa mikono na miguu katika kilima cha Kampala, akaachwa peke yake juani. Aliteseka siku tatu, akafa tarehe 30 Mei 1886. Leo kilimani hapo pana kanisa lenye jina lake.

Nowa Mawaggali alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Aliuawa kwa mkuki Mityana tarehe 31 Mei. Dada yake, Munaku, alijitokeza mbele ya wauaji akataka afe pamoja na kaka yake, lakini wakamchukua mateka. Alikataa kabisa kuolewa na mtu aliyemteka. Baadaye mapadre walimkomboa, akabatizwa jina la Matilda, akakaa bila kuolewa akimtumikia Mungu katika misioni. Jina lake halimo katika orodha ya watakatifu, lakini mama na mabinti wanaohiji Mityana wanalo jambo la kujifunza kwake.

NAMUGONGO: SIKU YA KUPAA BWANA

Waliohukumiwa Munyonyo walifungwa kamba, wakaenda kwa miguu mpaka Namugongo, mahali pa kuulia wahalifu. Watatu waliuawa njiani. Waliofika walikaa wamefungwa muda wa juma moja, huku wauaji wakikusanya kuni. Mchana na usiku walisali pamoja na kutiana moyo.

Mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa amemlea Mbaga Tuzinde kama mtoto wake. Akambembeleza akane dini, au akubali kufichwa. Mbaga alimheshimu mlezi wake, lakini katika neno hilo hakumtii.

Tarehe 3 Juni 1886 ilikuwa Sikukuu ya Kupaa Bwana. Karoli Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa polepole kuanzia miguuni. Wakatoliki wengine kumi na wawili, Kizito miongoni mwao, walifungwa katika matete wakachomwa pamoja na Waanglikana waliohukumiwa nao. Vijana watatu waliachwa hai dakika ya mwisho, na mmoja wao, Denis Kamyuka, akawa shahidi wa kueleza aliyoyaona kwa macho yake.

Mashahidi Wakatoliki ni 22. Baba Mtakatifu Benedikto wa XV aliwatangaza wenye heri tarehe 6 Juni 1920, na Paulo wa VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, huku akiwakumbuka pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristu. Mwaka 1969 alikuja mwenyewe Namugongo. Yohane Paulo wa II alifika mwaka 1993, na Fransisko mwaka 2015.

Kanisa linaloonekana leo lilizinduliwa mwaka 1975. Limejengwa mfano wa nyumba ya msonge, na nguzo zake ni 22, hesabu ya mashahidi. Altare imewekwa mahali alipochomwa Karoli Lwanga. Karibu na kanisa lipo ziwa dogo, na siku ya sikukuu watu hulizunguka kusikiliza Misa, kwa maana kanisa haliwezi kuwachukua wote. Kanisa la ukumbusho la Waanglikana halipo mbali na hapo.

KABAKA ALIVYOKWENDA BUKUMBI

Hadithi ina mwisho ambao watu wachache huukumbuka. Mwezi wa Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa. Alikimbia kwa mtumbwi mpaka kusini mwa ziwa, akapata taabu nyingi, na hatimaye akabisha hodi misioni ya Bukumbi, kwa mapadre walewale ambao wanafunzi wao aliwachoma moto. Walimpokea, wakampa mahali pa kukaa. Wakristu ndio waliomsaidia kurudi katika kiti chake. Neno la msamaha la Yosefu Mukasa halikuanguka chini. Mwanga alikufa uhamishoni huko Shelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa katika Kanisa la Anglikana kwa jina la Danieli.

UKITAKA KUHIJI

Anayetaka kwenda Namugongo asiende peke yake. Ajiandikishe na kundi la parokia au jimbo, apate hati ya kusafiria mapema, na aulize chanjo zinazotakiwa mpakani. Waendao kwa miguu wajizoeze kutembea kabla ya safari, wavae viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, na wagonjwa wamwone mganga kwanza. Afanye kitubio kabla ya kuondoka, na kama ana ugomvi na jirani, aumalize. Na asiuze ng'ombe wa ada ya shule ili apate nauli. Watakatifu hawamdai mtu safari inayowaacha watoto wake bila shule.

Wengi wetu hatutafika kamwe. Hata hivyo, lililofanyika nyumbani kwa Andrea Kaggwa na kwa Matia Mulumba laweza kufanyika katika kila nyumba isomayo gazeti hili. Baba aongoze sala ya jioni mwenyewe, asimwachie mama peke yake. Mtoto ajue Baba Yetu kabla ya kupelekwa kwa katekista. Katekista asiachwe afundishe viti vitupu. Mgonjwa wa jirani atembelewe. Mkatekumeni atakaye ubatizo wa haraka akumbushwe ile miaka minne, na jinsi waliovumilia mafunzo walivyosimama siku ya moto.

Na tarehe 3 Juni ijayo, kama padre hawezi kufika kigangoni kwenu, kengele ipigwe vilevile.