Maji Ndiyo Saa ya Kitwitwi

Anayetaka kutazama ndege wakati wa baridi kwenye pwani ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, aanze na jedwali la maji kujaa na kupwa. Darubini na koti zito vitafuata. Pale Snettisham, kando ya ghuba ya The Wash, maji yakipwa huacha uwanda mpana wa tope, na maelfu ya ndege hutawanyika mbali hata mtembezi akadhani pwani ni tupu.

Wengi wao ni Calidris canutus, kitwitwi mnene wa kijivu anayezaliana Greenland na Aktiki ya Kanada. Anafuata tope. Bahari hulifunika mara mbili kwa siku, hivyo haligandi upesi kama mashamba, na ndani yake mna kombe wadogo. Huwatafuta kwa kudunga mdomo: ncha yake huhisi msukumo wa maji mchangani ukibadilika penye kitu kigumu, hata kabla hajakigusa. Akimpata kombe hummeza mzima, gamba likapondwe na firigisi.

Kwa kuwa hategemei macho, hula hata usiku. Mchana wa katikati ya Desemba huko haufikii urefu wa saa nane, lakini giza halimzuii kula. Maji yanayojaa ndiyo humzuia, na ndiyo humleta karibu nasi.

Bamvua tunaijua: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda kupita kawaida. Siku hizo tope la Snettisham humezwa karibu lote, na ndege huruka makundi kwa makundi, wakijikunja na kujikunjua angani, hadi kwenye madimbwi ya machimbo ya zamani ya changarawe, ndani ya hifadhi ya RSPB, shirika la kuhifadhi ndege. Ila jedwali la maji pekee halitoshi. Bamvua ya hapo hujaa asubuhi na jioni, na katikati ya baridi jua huchomoza karibu saa mbili. Maji ya saa kumi na mbili yatapita gizani. Mimi ningechagua siku moja au mbili baadaye, kwa sababu maji huchelewa zaidi ya nusu saa kila siku.

Wakishatua, tafadhali usiwasogelee. Hawana tope la kurudia, na kila wanapokurupushwa huchoma mafuta wanayoyahitaji dhidi ya baridi. Kaa kwenye kibanda cha kutazamia ndege, mbwa abaki nyumbani. Maji yakianza kupwa wataruka wenyewe, nawe utawaona wote.