Mtoto anakoroma? Usimkimbize kwa mkata kimeo!

Kulala Kariakoo ni kazi. Nyumba tuliyopanga iko jirani na Mtaa wa Kongo, na alfajiri mikokoteni inaanza vurugu zake. Lakini kilichokuwa kikiniamsha mimi si mikokoteni. Ni mpwa wangu wa miaka 4, anakoroma kama mzee aliyeshiba ubwabwa wa shughuli!

Tulikuwa tunacheka, tukambatiza 'Babu'. Usiku mmoja umeme ukakatika, feni kimya, nikamsikiliza vizuri. Anakoroma, anakoroma, mara... kimya! Kifua kinahangaika, hewa haipiti. Nikahesabu moja mpaka kumi. Ndipo akashtuka, akavuta pumzi kwa kishindo, akageuka, jasho limelowesha mto. Kicheko kikaniisha.

Asubuhi kikao kikakaa uani. Bibi mmoja, mpangaji mwenzetu tunayemheshimu sana, akatoa hukumu: "Huyo ana kimeo, wanangu. Mpelekeni akakatwe." Sikumbishia bibi. Nikamvuta dada pembeni: "Dada, tupite hospitali kwanza. Kimeo hakikimbii."

Daktari akamulika tochi kooni. Kumbe mafindofindo, yale tunayoyaita tonses, yamevimba pande zote mbili karibu yagusane! Kimeo chenyewe kinaning'inia katikati, hakina kosa.

Nilichojifunza ni hiki. Mafindofindo ni walinzi wa koo dhidi ya vijidudu. Kwa watoto wadogo, hasa kati ya miaka 2 na 8, huwa makubwa wakati koo bado jembamba. Nyuma ya pua nako kuna nyama za aina hiyohiyo. Mtoto akilala, misuli ya koo inalegea, njia inaziba, pumzi inakatika, mpaka ubongo umshtue. Yakitokea hayo mara nyingi usiku, mtoto analala masaa 10 lakini hapumziki.

Matokeo yake? Mchana anapumua kwa mdomo, hatulii, ana hasira, darasani hashiki kitu. Wengine hukojoa kitandani, wengine hawakui vizuri. Na sisi tunawachapa, eti watukutu!

Kukata kimeo hakuondoi mafindofindo. Tena wembe wa mtaani unaweza kuleta kutoka damu nyingi, pepopunda, hata virusi vya Ukimwi.

Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Mafua nayo hukoromesha. Lakini akikoroma karibu kila usiku, na pumzi zikawa zinakatika, anzia zahanati au hospitali ya karibu, uombe rufaa kwa daktari wa pua, koo na masikio. Muhimbili wapo. Wengine hupewa dawa ya kupuliza puani na kuangaliwa, maana mafindofindo hupungua mtoto akikua. Wengine hulazimika kupasuliwa na kuondolewa, wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi.

Wetu alipasuliwa. Dada alilia mlango wa chumba cha upasuaji mpaka nami nikalia. Wiki chache baadaye niliamka usiku, chumba kimya. Moyo ukapiga paa! Nikaweka mkono kifuani kwake: anapumua taratibu, mdomo ameufunga. Siku hizi ukimwita Babu ananuna.

Leo usiku zima redio dakika tano, umsikilize mwanao.